Mkono Waujua Uso

Walimwita Chiriku tangu utotoni kwa sababu hakujua kunyamaza. Akiosha vyombo aliimba, akitumwa dukani aliimba mpaka akasahau alichotumwa. Alipokuwa mtu mzima jina likawa la kazi. Likaandikwa kwenye mabango madogo ya kumbi, na kwenye nyimbo alizozirekodi mwenyewe chumbani na kuzipandisha mtandaoni mwenyewe, bila kampuni, bila meneja, bila mtu wa kumwambia afupishe sketi na kuongeza ngoma.

Asubuhi alifanya kazi kwa dobi. Mwenye duka alikuwa mwanamke mnene, mwenye moyo mweupe na mdomo mchafu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Kazi ya Chiriku ilikuwa kupokea nguo na kuzichambua, kwa hiyo aliwajua watu kwa kola zao. Alijua nani anatokwa na jasho la woga na nani anajifutia pua kwenye mkono wa shati. Ukishika nguo chafu za watu kila siku, ama unazoea ama unaacha kazi, na yeye alidhani kinyaa kilikwisha kumtoka zamani.

Kutunga alitunga mchana, akitoka kazini. Kwanza ulikuja mdundo, mara nyingi ule wa mashine ya kufulia inapokaribia kusimama. Halafu sauti tupu, la-la na na-na, ambazo alizinasa kwenye simu akiwa amejifunika blanketi ili mngurumo wa pampu ya jirani usiingie. Maneno yalikuja mwisho, nayo ndiyo yaliyomtoa jasho. Neno moja lilimkalisha wiki nzima. Alilitafuna, akalitema, akaliokota tena.

Dada yake mkubwa alikuwa ameolewa na mtu aliyependwa na kila mtu. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, na watu walimwita Mkarimu. Penye msiba, viti na turubai vilitoka kwake. Mgonjwa akikosa usafiri, gari lake lilikuwa mlangoni kabla hujamaliza kueleza. Mikono yake ilikuwa mikubwa, laini, yenye kunukia losheni, na hakuweza kuzungumza na mtu bila kumshika: bega, kiwiko, mgongo. Mama yao alizoea kusema, "Huyu si mkwe. Huyu ni mwanangu, ila alizaliwa na mwingine."

Mchana mmoja dada akaja chumbani kwa Chiriku mkono wake wa kulia ukiwa umefungwa plasta ngumu. Alisema ameteleza bafuni. Hawezi kujiosha nywele, akasema, na anaona aibu kumwomba mtu mwingine. Chiriku akapasha maji, akaweka beseni juu ya kigoda, dada akainama. Povu lilikuwa limejaa vidoleni Chiriku alipogusa mahali nyuma ya sikio pasipo na nywele hata moja. Ngozi ya hapo ilikuwa laini kama ya kidonda kinachopona, na ilitoa majimaji.

"Na hapa uliteleza?"

Dada alishika ukingo wa beseni kwa mkono wa kushoto.

"Bafu halina vidole, dada."

Maji yakaendelea kudondoka. Kisha dada akasimulia, uso wake ukiwa bado ndani ya beseni, labda kwa sababu pale hakulazimika kumtazama mtu. Alisema si pombe, wala si hasira, kwa sababu mtu mwenye hasira hupiga kelele. Mumewe alianza kwa kufunga madirisha, moja baada ya jingine, bila haraka, kama mtu anayeona mvua inakuja. Na baadaye alileta dawa. Alimpaka yeye mwenyewe, polepole, kwa mikono ileile, akimwuliza kama inauma.

Hilo la dawa ndilo lililompandisha Chiriku maji machungu kooni. Alikwenda mlangoni, akatema nje, akarudi kusuuza nywele.

"Toka kwake," akasema.

"Niende wapi? Nani ataniamini? Mtu anayezika watu mtaa mzima." Dada alijifuta uso kwa mkono mzima. "Na ukimwambia Mama, au mtu yeyote, mimi na wewe basi. Niapie."

Chiriku akaapa.

Kiapo kile kilimkaa kama mwiba wa samaki. Mtu aliyezoea kuimba kila kinachompata hawezi kukaa na jambo kama hilo mdomo umefungwa. Alikaa siku chache, akichambua mashati bila kuona kitu, kisha akaingia chini ya blanketi na simu yake. Safari hii maneno hayakumtesa. Yalikuja yenyewe, yamevaa kabisa:

*Mkono wako waujua uso wangu*
*kuliko kioo, kuliko mama.*
*Ukifunga madirisha natambua*
*leo dunia ni mimi na wewe.*

Palikuwa na ubeti mwingine, wenye beseni na nywele na mfupa uliovunjika. Aliuimba mara moja, akaogopa, akaufuta. Akajiambia kwamba fumbo linatosha, kwamba wenye masikio watasikia, na dada yake atakaa salama nyuma ya pazia. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakujiambia: ile mistari ilikuwa mizuri, na ubeti ule ungeichafua.

Alimpelekea Fundi, rafiki yake aliyemsaidia kusafisha sauti. Fundi alivaa vidude vyake masikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa mpaka mwisho.

"Chiriku, nani huyo amekushika hivi?"

"Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia mtu aliyekolea mpaka hajiwezi. Hapo kwenye madirisha, basi tena." Akacheka. "Watu watapata watoto kwa wimbo huu."

Chiriku alimtazama akicheka. Alitaka kumwambia, lakini alikuwa ameapa. Akasema asante, akaondoka na wimbo wake, na jioni hiyo akaupandisha.

Nyimbo zake za nyuma zilisikilizwa na marafiki, na marafiki wa marafiki. Huu ulienda kama moto wa nyasi kavu. Kwanza vijana waliubandika kwenye picha za wapenzi wao. Kisha maharusi wakaanza kuingia nao ukumbini. Kinyozi wa jirani na dobi aliupiga kutwa, na kila ulipofika kwenye madirisha wateja wake walipiga miluzi. Mwanamke mmoja alileta gauni la harusi lifuliwe, akamtambua Chiriku, akamshika mikono.

"Dada yangu, tuliucheza sisi. Mume wangu alinishika uso hivi, ukumbi mzima ukalia. Mungu akubariki kwa kuyajua mapenzi."

Chiriku alilipokea gauni. Lilikuwa na doa la kinywaji kifuani na tope kwenye pindo. Siku zote aliona doa kuwa doa tu, lakini siku ile alilishika kwa ncha za vidole na kulitupa kapuni. Mama Pasi alimwona.

"Una nini wewe? Una mimba?"

"Hapana."

"Basi umepata jina, na pua imeinuka. Teremsha pua, kapu hilo lina soksi za watu bado."

Redio moja ikamwita. Mtangazaji alikuwa kijana mchangamfu aliyenukia peremende. Alimsifu, akamsifu tena, kisha akasogeza kiti.

"Sasa tuambie, wasikilizaji wanakufa kwa hamu. Huyo mwenye bahati ni nani? Huo mkono ni wa nani?"

Hapo palikuwa na maikrofoni na maelfu ya masikio, wala hakuna aliyemshika mdomo. Chiriku akasikia kicheko kikimtoka, kicheko chembamba, cha msichana anayetekenywa. "Tuyaache hayo," akasema. "Kila mtu na siri yake." Mtangazaji naye akacheka, na wimbo ukapigwa. Alipofika nyumbani alisugua meno mpaka fizi zikatoa damu. Bado alikisikia kile kicheko. Tangu siku hiyo hakuweza kuisikia sauti yake kwa kinyozi bila kuzungusha bomba na kuacha maji ya mashine yapige kelele.

Ndipo ikaja harusi ya binamu yao. Mama aliagiza, hakuomba: Chiriku ataimba, na ataimba ule. Shemeji yake ndiye aliyetoa ukumbi, viti na vipaza sauti. Chiriku alijaribu kukataa.

"Unawaimbia watu usiowajua," Mama akasema, "damu yako ndiyo unaikatalia?"

Siku ile ukumbi ulikuwa na joto, feni zinazungusha harufu ya vyakula na manukato. Chiriku alikuwa anakaza nyuzi za gitaa pale shemeji yake alipopanda jukwaani bila kuitwa, akachukua maikrofoni, akamwekea mkono begani. Losheni ilimfikia kabla ya maneno.

"Ndugu zangu, nina siri," Mkarimu akasema. "Huyu ni shemeji yangu. Mnadhani wimbo huu aliutoa wapi? Kwetu. Alikuwa anakuja nyumbani, anatuona mimi na dada yake tunavyoishi. Mkono wenyewe ni huu hapa." Akauinua, akaugeuza upande na upande, kama mtu anayeonyesha pete mpya.

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Chiriku alimwangalia usoni akitafuta kejeli, akitafuta kitisho. Hakuona kitu. Mtu yule alikuwa anasema kweli yake yote, na alikuwa na furaha.

Akamwita mkewe mbele. Dada akaja. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono umekonda, umepauka. Mume akamzungushia mkono shingoni, watu wakajipanga duara, na Chiriku, ambaye vidole vyake vilikuwa vimeshazoea, akaanza. Aliimba ubeti wa kwanza akitazama sakafu. Kwenye kiitikio ukumbi mzima ulimpokea, na hapo akainua macho. Mkarimu alikuwa anafuata maneno. Aliposikia *waujua uso wangu* alileta kiganja chake kwenye shavu la mkewe. Dada akatabasamu. Lakini bega lake la upande ule lilikuwa limepanda lenyewe mpaka sikioni, na likabaki huko.

Chiriku akaacha kupiga. Alingoja wimbo usimame. Haukusimama. Mamia ya watu waliuimba bila yeye, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo, bibi harusi na bwana harusi, wazee, watoto juu ya viti, wote wakiomba madirisha yafungwe. Akaliweka gitaa chini, akatoka kwa mlango wa nyuma, akatapika kwenye mtaro wa maji machafu, kati ya masufuria yanayosubiri kuoshwa.

Mama akamfuata na chupa ya maji.

"Umekula nini, mwanangu?"

"Sijala kitu."

Mama alimmwagia maji mikononi. Alikuwa bado anahema kwa kucheza, jasho limemlowesha mgongo. Alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Ungejikaza ukamaliza. Watu watasema."

"Mama, ule wimbo si wa mapenzi."

"Najua."

Chiriku alidhani hakusikia vizuri. "Unajua nini?"

"Mimi ni mtu mzima. Mchana wa joto, madirisha hayafungwi kwa ajili ya mapenzi." Mama alifunga kizibo cha chupa, akakikaza kuliko ilivyohitajika. "Nilijua siku ya kwanza nilipousikia. Nikaenda kumwangalia dada yako, nikaona mkono wake. Nikanyamaza."

"Na sasa hivi ulikuwa unacheza."

"Nilikuwa nacheza. Ningefanya nini, mbele ya watu? Yule ndiye aliyemzika baba yenu kwa heshima."

Chiriku alirudi nyuma hatua moja, si kwa kutaka. Mwanamke huyu alimnyonyesha, na sasa hakutaka aguswe naye. Mama aliliona hilo. Akaiweka chupa juu ya sufuria, akarudi ndani.

Kesho yake asubuhi dada alikuja kwa dobi, mikono mitupu, hana nguo za kufua. Chiriku alidhani amekuja kulia. Dada hakulia. Aliegemea meza ya kupokelea akasema kwa sauti ya chini, iliyonyooka:

"Jana uliacha kuimba. Kwa nini?"

"Nilishindwa. Nilipomwona anakushika..."

"Ulishindwa jana. Mimi nina miezi nashindwa. Naenda sokoni nasikia niliyokuambia kwenye beseni. Naenda harusini watu wanacheza juu ya kichwa changu. Yeye anaupiga nyumbani, unajua? Anaupiga akishamaliza, wakati ananipaka dawa."

Mashine ilikuwa inazunguka nyuma yao. Mama Pasi alisimamisha pasi hewani.

"Nilitaka kukuficha," Chiriku akasema. "Niliapa."

"Uliapa hutasema. Hukusema, ukaimba. Sasa niambie wewe unayejua maneno: ulinificha mimi, au ulimficha yeye?"

Chiriku aliokota shati lililokuwa mezani, akalirudisha.  Alichokisikia mwilini mwake kilikuwa kilekile alichokisikia kwa losheni, kwa mtangazaji, kwa Mama, ila safari hii hapakuwa na mtu wa kumgeuzia mgongo. Alikuwa ameokota kidonda cha dada yake, akakifuta usaha, akakipaka rangi, akakitia mdomoni mwa watu.

"Nifanye nini?" akauliza.

"Ungeniuliza hivyo mwanzo."

"Nakuuliza sasa."

Dada alitazama mikono yake. "Sitaki kurudi pale," akasema, na ilionekana alikuwa hajui kwamba atalisema. "Lakini nataka vitu vyangu. Cherehani, na nguo. Na picha za baba."

Mama Pasi aliweka pasi chini, akachomoa waya. "Gari la duka lipo," akasema. "Na mimi nipo. Nina kilo zangu hizi, nazitunza kwa kazi gani?"

Walikwenda wote watatu, na Fundi waliyempigia simu, mchana kweupe. Mkarimu alikuwa barazani na wageni wawili, anawasikiliza shida zao. Aliwapokea kwa tabasamu, akaita chai. Dada alipita moja kwa moja ndani. Tabasamu lilimbaki mwanamume yule usoni hata alipoona cherehani inabebwa na Fundi, likabaki kama nguo iliyosahauliwa kambani. Alimfuata mkewe mpaka karibu na gari, akasema taratibu, wageni wasisikie:

"Mke wangu, unaniaibisha kwa kitu gani? Umesahau? Mkono wangu waujua uso wako." Akauimba ule mstari, kwa chini, kwa upendo, na kiganja kikaja.

Chiriku akashika mlango wa gari. Maneno yalikuwa yake, kila silabi alikuwa ameipima yeye.

Dada hakurudi nyuma. Aliushika mkono ule kwa kifundo kabla haujafika, akaushusha, akauachia kama mtu anayeweka kitu alichokikuta mahali pasipo pake.

"Wageni wako wanakungoja," akasema, akapanda gari.

Wale wageni wawili walikuwa wamesimama barazani, vikombe mkononi, na hakuna aliyekuwa akinywa.

Mkarimu hakuwa mtu wa kuvunja milango. Alikwenda kwa Mama kulia, na Mama alimpokea siku ya kwanza. Siku ya pili alimwacha nje. Kilichotokea katikati Mama hakumwambia mtu. Mtaa uligawanyika. Wengi walisema dada amelewa umaarufu wa mdogo wake. Wachache walikuja kwa dobi kuleta shati moja safi lisilohitaji kufuliwa, wakasimama kidogo, wakamsalimu dada aliyekuwa sasa anashona vifungo pale kwenye kona, wakaondoka.

Chiriku aliufuta wimbo. Hapo ndipo alipoona faida ya kutokuwa na kampuni: hakumwomba mtu ruhusa, kidole kimoja kilitosha. Lakini ulikuwa umeshaingia kwenye simu za watu, na kinyozi aliendelea kuupiga mpaka Mama Pasi alipokwenda kuzungumza naye kwa lugha yake. Barua za hasira zilikuja. Yeye alijaribu kutunga mwingine, na kwa muda mrefu hakuna kilichotoka. Kila mstari uliokuja mzuri aliutilia shaka, akaunusa kama maziwa ya jana.

"Usinitungie mimi," dada alimwambia, akiwa amelala kitandani kwake akimtazama anavyosumbuka na gitaa. "Tunga kuhusu kitu kingine. Dunia ni kubwa."

"Wakiniomba ule?"

Dada alivuta shuka mpaka kifuani. "Usiuimbe. Lakini waambie. Jina langu usilitaje, mengine waambie yote."

Alasiri moja aliitwa kwenye ukumbi mdogo, wa watu kama sitini, viti vya plastiki, jua likiingia mlangoni. Aliimba nyimbo za zamani. Hazikumpa mtu taabu. Kisha mwanamume mmoja wa mbele, aliyekuja na mchumba wake, akapaza sauti: "Mkono!" Wengine wakapokea. Walianza wenyewe kupiga makofi kwa mdundo wake.

Chiriku aliinua kiganja wakanyamaza. Akawaeleza, bila gitaa, bila kuchagua maneno. Madirisha yalifungwa kwa nini. Mkono uliujuaje uso. Kwamba kulikuwa na ubeti wa nywele na mfupa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeutoa, ili wapate kuimba vizuri.

Makofi yalikuwa yamekufa zamani. Yule mwanamume wa mbele alimtazama kwa chuki ya wazi.

"Sisi tumeuchagua kwa harusi yetu," akasema. "Umetuharibia."

"Poleni," Chiriku akasema, na alimaanisha.

Mwanamume akasimama, akamvuta mchumba wake mkono waondoke. Msichana hakuinuka. Alibaki ameketi, mkono wake ukiwa umenyooka hewani ndani ya ule wa mchumba, akimtazama mwanamume huyo kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Watu kadhaa walitoka. Kiti kimoja kilianguka na hakuna aliyekiinua.

Chiriku alisubiri kelele za miguu ziishe. Kisha akalichukua gitaa, akalegeza uzi wa juu nusu sauti, akaanza wimbo ambao hakuna mle ndani aliyeujua, na ambao mwenyewe alikuwa bado hajui ubeti wake wa pili.